Redio ya Abti na Maana ya Ridhaa

Kabla simu za mkononi hazijafika Garissa, watu wetu walizungumza kwa redio. Si redio ya kusikilizia habari na nyimbo, bali ile ya kutuma na kupokea sauti. Tuliiita taar. Ilikuwa na kipaza sauti cha kushika mkononi, betri ya lori chini ya meza, na waya mrefu uliopanda mlingoti na kutambaa juu ya mabati ya duka. Vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimewatawanya watu. Mama yuko Garissa, mwanawe yuko kambini Dadaab, ndugu yake yuko Liboi, binamu amebaki Kismayu. Barua haikuwa na njia ya kuwafikia wote hao. Kwa hiyo karibu kila mji wenye watu wetu ulikuwa na duka la taar, na duka moja la Garissa lilikuwa la abti wangu, yaani mjomba, kaka yake mama.

Mimi ndiye niliyeiendesha redio hiyo. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na kazi nyingine. Abti alitaka mwanamke akae pale kwa sababu wateja wengi walikuwa wanawake, na mambo waliyoyaleta hayakuwa ya kuambiwa kijana wa kiume. Mteja alikuja akaniambia anamtaka nani. Nikaita kituo cha Liboi au cha Masalani, mwendeshaji wa huko akatuma mtu amtafute mhusika, tukapanga saa. Saa ikifika walizungumza. Mmoja akisema, mwingine hunyamaza mpaka asikie neno "ofa", yaani nimemaliza, zamu yako, maana redio haikubali sauti mbili kwa pamoja. Wazee walilisema neno hilo kama dua, kwa heshima na kwa sauti kubwa.

Tatizo ni kwamba kila aliyekuwa kwenye chaneli ile alisikia. Ukisema jambo Garissa, limesikika Liboi, na Dadaab, na Wajir, na kwingine usikokujua. Kila duka lilikuwa na benchi, na kila benchi lilikuwa na watu wanaosubiri zamu yao, masikio wazi. Tulijua nani amezaa, nani ameachwa, mbuzi wa nani wameibwa. Hatukuliona jambo hilo kuwa baya. Katika miaka ile ya kupoteana, kusikia tu kwamba mtu fulani yu hai kulikuwa furaha, hata kama mtu huyo si wako.

Mwaka mmoja kabla ya mvua kubwa, afisa wa serikali alikuja kutoka Nairobi kukagua redio za mji. Alikuwa mwembamba, mpole, shati limemgandia mgongoni kwa joto. Alikunywa chai yetu ya maziwa ya ngamia mpaka chini, akatuachia karatasi za masharti ya leseni, akasema atarudi kesho yake abti azitie sahihi. Zilikuwa za Kiingereza. Abti alisoma Kiarabu vizuri na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini Kiingereza hakukijua.

"Nisomee, abti," aliniambia. Kwetu mjomba naye humwita mpwawe abti. "Neno kwa neno. Sitaki kuambiwa kwa jumla."

Nilichukua kamusi yangu ya shule nikaketi naye. Nilidhani itakuwa kazi ya nusu saa, kumbe iliniweka mpaka alasiri. Maneno yenyewe nilikuwa nimewahi kuyaona, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza yana maana gani pale dukani, kwenye meza ile, mbele ya kipaza sauti kile.

La kwanza lilikuwa usiri. Hilo lilipita upesi, kwa kuwa Wasomali nao husema sir, na abti alilijua tangu utotoni. Kisha nikafika palipoandikwa kwamba mwendeshaji asifichue mazungumzo kwa mtu wa tatu.

"Mtu wa tatu ni nani?" akauliza.

Nikamweleza kwamba wa kwanza ni anayesema, wa pili ni anayeambiwa, na mwingine yeyote ni wa tatu.

"Basi wewe ni wa tatu."

Nikasema mimi nimeruhusiwa, kwa kuwa bila mimi hawawezi kuzungumza. Akauliza kuhusu mwendeshaji wa Liboi. Nikasema naye vilevile. Akageuka akawatazama watu waliokaa kwenye benchi letu, mzee mmoja akichokonoa meno kwa mswaki na wanawake watatu waliokuwa wakitusikiliza hata sisi. Aliniambia niendelee.

Neno lililotushinda lilikuwa ridhaa. Kamusi ilisema ni kukubali, nikamwambia abti kwamba mteja lazima akubali. Akacheka. Mteja amekuja kwa miguu yake na kushika kipaza sauti kwa mkono wake, atakosaje kuwa amekubali? Kesho yake afisa aliporudi, abti alimtupia swali hilohilo. Yule bwana aliweka kalamu chini. Alisema kukubali peke yake hakutoshi. Mtu lazima ajue anakubali nini, ajue nani atasikia na maneno yake yatatumika kwa lipi, na awe na uwezo wa kusema hapana bila kuadhibiwa. Akiitikia bila kujua hayo, hiyo si ridhaa, ni kichwa kimetikisika tu.

Kulikuwa na neno jingine, kuhifadhi. Abti alisema kwa fahari kwamba sisi hatuhifadhi chochote, maneno yakisemwa yamekwisha.

"Hayajaisha, mzee," afisa alimwambia. "Yamehifadhiwa na waliosikia."

Abti alitia sahihi. Alikuwa mtu wa kufuata alichotia sahihi, na hilo namsifia mpaka leo. Jioni ileile alitoa benchi nje, akalikalisha kwenye kivuli cha ukuta. Alitundika pazia la kaniki kati ya mlango na meza. Akanifundisha sentensi ya kumwambia kila mteja kabla sijabonyeza kitufe: maneno haya yanasikika na watu wengine, je, unakubali tuendelee? Siku za mwanzo niliisema polepole na watu walinitazama kwa mshangao. Baadaye niliisema haraka, nao waliitikia haraka, ndiyo, ndiyo, ita. Pazia lilizuia macho. Sauti ilikwenda ilikokuwa ikienda siku zote.

Kwenye baraza lililoshikana na duka letu kulikuwa na msichana mshonaji wa rika langu. Alikuja na mama yake kutoka Kismayu vita vilipoanza, baba alishafariki. Mama alipika asubuhi anjera, chapati laini za Kisomali, na kuziuza mlangoni kwake, naye binti alikanyaga cherehani kutwa nzima. Alimkadiria mtu nguo kwa kumtazama tu, halafu akajitia kumpima ili mteja asione ameonewa. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja. Alisema "bole" badala ya pole na "nguo yako amekwisha" badala ya imekwisha, na nikimsahihisha hunijibu kwamba nguo imeelewa. Tulikuwa tukila pamoja mchana. Simkumbuki alikula chakula kimoja bila kunikatia kipande kikubwa.

Alichumbiwa na mfanyabiashara wa vitambaa wa Liboi. Kijana huyo alikuwa akija Garissa kuchukua mitumba na majora, na mara ya kwanza alimletea binti huyo macawis, ile shuka ya kujifunga kiunoni, ishonwe mahali ambapo haikuchanika sana. Wakubwa wa pande mbili walizungumza, wakakubaliana. Mjomba wa msichana, aliyekuwa akiishi Liboi, ndiye aliyekuwa kiungo.

Wachumba wengine walisalimiana kwa redio yetu, na kituo kizima kiliwacheka kwa upendo. Rafiki yangu hakukubali. "Siwezi kuongea na mtu wangu mbele ya Dadaab nzima," aliniambia. Badala yake walitumiana kaseti. Alirekodi sauti yake kwenye kinasa sauti, akaifunga kaseti kwenye kipande cha kitambaa na kukishona pande zote, kisha akampa dereva wa lori tuliyemwamini. Ya kijana ilirudi vivyo hivyo, imeshonwa vibaya. Alizisikiliza peke yake. Sikuwahi kusikia hata moja, na sikuwahi kuomba.

Kikohozi kilianza wakati wa joto kali. Alidhani ni vumbi la vitambaa. Alipoanza kukonda na kutokwa jasho mpaka shuka ikalowa, nilimshika mkono tukaenda hospitali. Walimpima makohozi. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba ni kifua kikuu, kwamba kinatibika kabisa, ila atapata sindano na vidonge kwa miezi mingi na mwanzoni atalazwa. Leo maneno hayo hayatishi sana. Siku zile, kwetu, ugonjwa huo uliitwa kwa sauti ya chini. Familia ilikuwa radhi kusema binti yao amerogwa kuliko kulitaja jina lake.

Tulipotoka pale alisimama kwenye lango, akashika ncha ya mtandio wangu.

"Wewe umejua kwa kuwa umenileta," alisema. "Mama atajua leo. Mchumba wangu nitamwambia mwenyewe. Asiambiwe na mtu mwingine."

Kabla ya kulazwa alikuja nyumbani kwetu na kinasa sauti cha kuazima, nikatoka chumbani nikamwachia. Alikaa humo muda mrefu. Alitoka macho yamevimba lakini uso umetulia, akaketi kuishona kaseti ile kwa uzi wa bluu. Aliniomba niiweke mpaka lori la kwanza litakapokwenda Liboi.

Lori halikwenda. Ndipo mvua ile kubwa ilipoanza, mvua ambayo watu wa Garissa wa umri wangu bado wanahesabia miaka kwayo. Mto Tana uliacha njia yake ukaingia mashambani na majumbani. Barabara ya Liboi ikawa tope lisilo na mwisho, malori yakazama mpaka kwenye ekseli, mizoga ya ngamia na mbuzi ikaelea. Chakula kililetwa kwa ndege. Hakuna mtu aliyeingia wala kutoka kwa gari, na duka la abti likajaa kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa redio peke yake ndiyo iliyovuka maji.

Katikati ya hali hiyo, mama wa kijana alituma ujumbe kwa redio kutoka Liboi. Alitaka harusi ipangwe maji yakikauka tu. Kaka mkubwa wa mama huyo, aliyetakiwa kusimamia mambo, alikuwa Liboi kwa siku chache na angevuka mpaka kurudi kwao. Alitaka jibu kabla huyo kaka hajaondoka. Mama wa rafiki yangu, ambaye mimi nilimwita eddo, yaani shangazi, kwa heshima ya umri wake, naye akaniita vivyo hivyo, alilipokea neno hilo nikiwa nimesimama naye. Aliona hawezi kusema ndiyo, binti yumo wodini. Aliona pia hawezi kusema tungojeni bila sababu, maana kwetu kungojesha bila sababu ni kukataa kwa adabu. Aliamua kumweleza ukweli ndugu yake aliyeko Liboi, ili yeye atafute maneno laini ya kuwaambia wakwe.

Nilimwambia hewani hapana siri. Nilimwambia polepole, si kwa ile haraka yangu ya kila siku. Nikamkumbusha pia kwamba mwenyewe ana kaseti ya kupeleka.

"Kaseti itaogelea?" aliniuliza. Kisha akanigusa shavu. "Usihangaike, eddo. Sitataja jina, wala ugonjwa. Nitasema ngamia."

Nilimwuliza kama binti anajua. Akasema mgonjwa hasumbuliwi.

Asubuhi ya mazungumzo abti alikuwepo. Alisikia mpango huo wa ngamia, akaufikiria, akasema hauna ubaya, jina halimo. Nikabonyeza kitufe. Mjomba wa Liboi alipatikana, sauti yake ikaja na mchakacho wa mvua ndani yake. Eddo alimsalimu, akamwuliza habari za nyumba nzima kama inavyopasa, kisha akaingia kwenye neno lake. Alisema yule ngamia mdogo, yule waliyeahidiana kumpeleka kwa wale watu, ameanza kukohoa. Amepelekwa kwa daktari. Atapona, lakini asihamishwe kwanza, na mjomba awaambie wale watu kwa uzuri wasubiri mpaka malisho ya mwaka ujao. Ofa.

Mjomba akasema ameelewa. Nilijua kwa sauti yake kwamba ameelewa kweli, na eddo naye alijua, mabega yake yakashuka.

Halafu mwanamume mmoja ambaye hatukumjua, kutoka kituo tusichokijua, aliingia akashauri kwa nia njema kabisa kwamba ngamia anayekohoa apakwe mafuta ya kondoo na atengwe na wengine. Watu wa kwenye benchi nje walicheka. Hata eddo alitabasamu. Nilinyoosha mkono kufunga mazungumzo, na hapo sauti ya mwanamke ikaingia, karibu na wazi kana kwamba yumo chumbani.

"Eddo, wewe huna ngamia," ilisema. "Ni yule binti mshonaji?"

Sikujua mtu huyo ni nani, na sikujua baadaye. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwuliza jirani kwa nini hakumwona kisimani. Lakini kilichobaki kilikuwa rahisi kwa kila aliyesikia. Mama muuza anjera wa Garissa, mkimbizi wa Kismayu asiye na hata mbuzi, mwenye binti mmoja aliyechumbiwa Liboi, anazungumzia ngamia mdogo aliyeahidiwa watu na sasa anakohoa. Jina halikuhitajika. Eddo aliweka kipaza sauti mezani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kingevunjika, akajifunika uso kwa mtandio. Abti aliizima redio. Nje ya pazia watu wa benchi walianza kuondoka mmoja mmoja.

Kabla ya sala ya adhuhuri mji ulikuwa umejua. Wakwe walijua palepale, kwa kuwa mama wa kijana alikuwa amekaa kwenye duka la Liboi akingoja jibu. Rafiki yangu alijua mchana, wodini. Mwanamke aliyemletea chakula mgonjwa wa kitanda cha pili alimpa pole kwa kuvunjika kwa harusi, na harusi hata ilikuwa haijavunjika bado.

Nilikwenda jioni. Alikuwa ameketi kitandani na amejifunga vizuri, nywele zimefunikwa, kama mtu anayengoja kupokelewa. Nilimweleza yote bila kupunguza. Nilimwambia mama yake alionywa na akakubali.

"Mama aliulizwa," alisema. "Wewe ulimwuliza, namshukuru Mungu. Abti aliulizwa. Mimi je?"

Akasema jambo jingine, na sauti yake haikupanda.

"Ugonjwa ni wangu. Mchumba ni wangu. Kila mtu amekubali isipokuwa mimi."

Nilimwambia kaseti bado ninayo, njia ikifunguka itakwenda, kijana ataisikia sauti yake mwenyewe. Alitikisa kichwa. Alisema kaseti ile ilikuwa ya kumwambia mtu asiyejua, na mtu huyo hayupo tena. Aliniomba nimrudishie. Nilimpelekea kesho yake, akaukata ule uzi wa bluu kwa meno, akavuta ule utepe wa ndani wote, dhiraa kwa dhiraa, akauviringa mkononi.

Maji yalipokauka kijana mwenyewe alikuja. Alikuwa amekonda naye, na viatu vyake vilikuwa vimekauka tope. Alikaa dukani kwetu siku nzima kwa sababu rafiki yangu hakutaka aende wodini. Aliniambia kwamba baba yake mwenyewe aliwahi kuugua ugonjwa ule, akatibiwa, akaishi. Aliniambia mama yake ana maneno mengi lakini mama si yeye. Aliniomba nimpelekee binti ujumbe kwamba hana neno, atangoja miezi yote.

Nilimpelekea. Nilimsihi kwa kila namna niliyoijua, nikamshika miguu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ningemwambia mimi," alisema, "angenitazama, nami ningemtazama, na ningejua moyoni kama anabaki kwa kunipenda au kwa aibu ya kuondoka. Sasa amejibu mbele ya watu wote. Sitajua kamwe. Siwezi kuishi na mtu ambaye sitajua."

Niliona ni ukaidi na nikamwambia hivyo. Nilikuwa na hasira naye kwa wiki kadhaa, hasira ya mtu anayeona mwenzake anaitupa riziki yake. Kijana alirudi Liboi. Alituma mtu tena baada ya Ramadhani, na jibu likawa lilelile. Mwaka uliofuata nilisikia, kwa redio, kwamba ameoa.

Rafiki yangu alimaliza dawa zake zote. Hakuruka hata siku moja, muuguzi mwenyewe alimtaja kama mfano. Alipona. Lakini hakurudi kwenye baraza letu. Wateja walikuwa wameanza kupeleka nguo kwingine, wengine wakiogopa kikohozi na wengine wakiona haya tu, na haya hiyo ndiyo iliyomchosha zaidi. Eddo hakugusa kipaza sauti tena mpaka walipohama. Habari za ndugu yake alizipata kwa madereva. Mama na binti hawakugombana, ila nilipowatembelea niliona wanazungumza kwa uangalifu, kila mmoja akimpisha mwenzake kama wageni mlangoni. Kabla ya miaka ya tisini kuisha walihamia Masalani, ambako walikuwa na jamaa, na yeye akaanza kushona sare za wanafunzi.

Abti aliendesha redio mpaka simu zilipofika, lakini hakuwa na furaha nayo. Aliongeza neno moja kwenye ile sentensi yangu ya kuwaonya wateja. Nilitakiwa kuuliza pia: habari hii ni yako? Wengi hawakuelewa swali hilo. Mzee mmoja alikasirika, akasema habari za mke wake ni zake. Abti alimwambia akamwulize mke kwanza, na tukampoteza mteja huyo. Niliona abti anazidisha. Sasa najua alikuwa ameliona lile pengo kwenye karatasi za afisa ambalo mimi, msomi wa kamusi, nililipita. Zilimtaja anayesema na anayeambiwa. Anayesemwa hazikumtaja.

Baadaye sana nilipata kazi ya ofisi hapahapa Garissa, na ikafika siku tukakusanywa ukumbini kufundishwa sheria ya kulinda habari za watu. Mkufunzi alikuwa binti mdogo, hodari. Aliandika ubaoni: mhusika. Akasema huyo ndiye mtu ambaye habari zinamhusu, na kwamba ridhaa inayohesabika ni yake, si ya aliyezileta wala ya aliyezipokea. Akaandika neno la kuficha jina, akaeleza kwamba kuondoa jina hakumfichi mtu ikiwa mambo mengine yaliyobaki yanamwonyesha. Wenzangu waliandika kwa haraka ili tukanywe chai. Mimi nilishindwa kuandika. Maneno yale yote yalikuwepo duniani, pengine yalikuwa yameshaandikwa mahali fulani, tulipokuwa tumesimama kwenye meza ya abti na ngamia wetu. Tulikuwa watu wema wanne, pamoja na mjomba wa Liboi, tuliompenda. Hakuna aliyetaka kumwumiza, na tulipitisha maisha yake juu ya kichwa chake bila kumwuliza.

Baada ya mafunzo hayo nilikwenda Masalani. Nilimkuta ana duka lake mwenyewe, cherehani tatu, wasichana wawili wakimfanyia kazi. Hajaolewa. Eddo alishafariki. Tulikula wali na samaki wa mtoni, naye akanikatia kipande kikubwa kama zamani. Nilimwambia nataka kuyaandika yale yaliyotupata, nikamweleza yatasomwa na nani na kwa sababu gani, na kwamba akikataa nitaacha na urafiki wetu hautapungua.

Alifikiri huku akipiga pasi kola ya shati la mtoto wa shule. Alisema niandike, lakini bila majina, na kuna jambo moja alilosema wodini ambalo nisiliweke. Nikakubali. Aliniuliza kama kijana wa Liboi bado yupo. Nikamwambia yupo, ana watoto, ameacha vitambaa anauza vipuri vya magari. Alikunja shati lile, akaliweka juu ya mengine, akaniambia nisichelewe mashua ya kuvukia, maana mto ulikuwa umeanza kujaa.